Kona Nne za Kadi ya Bernadine

Trrrrrrr...

Rhonda alifumbua macho. Saa nane za usiku. Sauti ilikuwa nje, barabarani, ikiizunguka nyumba taratibu, kama mtu anayetafuta mlango aliouzoea zamani.

Trrrrrrr... kimya... trrrrrrr...

Hakuna aliyekulia mji ule asiyeijua sauti hiyo. Unachukua kadi ya besiboli, zile zenye picha za wachezaji zilizouzwa pamoja na chingamu, unaibana kwa kibanio cha nguo karibu na gurudumu, spoki zinaipiga, na baiskeli yako inanguruma kama pikipiki. Rhonda mwenyewe alifanya hivyo utotoni. Lakini huu ulikuwa Novemba, barabara imeganda barafu, na mteremko ule wa kwenda mto Monongahela hata madereva waliuogopa.

Kisha ikaja harufu. Chingamu. Ile ya rangi ya waridi, tamu, yenye unga unga...

Alimvuta kifuani Jolene, binti yake wa miaka mitatu, akajifunika mpaka puani. Ulikuwa usiku wa tatu. Na kilichomtisha zaidi si ile sauti. Ni kwamba alijua imefuata nini.

Kilikuwa chini ya godoro lake.

Tangu kiwanda cha chuma kifungwe na mumewe, Dale, aende Texas kutafuta kibarua, Rhonda aliishi na mtoto ghorofa ya juu ya nyumba ya Bibi Wojtak, mjane wa Kipolandi wa miaka sabini na tisa. Alimpikia, akamfulia, akamfagilia, naye hakutozwa kodi. Bibi alikuwa mwema, mwema wa kukuumiza moyo ukikumbuka. Alimruhusu hata kuchora urefu wa Jolene kwa penseli kwenye fremu ya mlango wa jikoni, mkabala na alama za Bernadine, mwana wa pekee wa Bibi, aliyemwita Bernie, aliyekufa mwaka hamsini na mbili akiwa na miaka kumi. Alikataza jambo moja tu.

"Darini futa vumbi popote, mwanangu. Lile boksi la viatu la Bernie usilifungue."

Akalifungua.

Nani asingelifungua? Mwaka ule wa tisini na moja watu wote walishikwa na kichaa cha kadi za zamani, kanisani kadi, kwa kinyozi kadi, na baridi ilikuwa inakuja na gesi ya kupasha nyumba joto haina wa kuilipia... Alijiambia moja tu. Marehemu hahesabu.

Vince, mwenye duka la kadi, aliishika pembeni kwa kucha zake mbili, akaigeuza mbele na nyuma.

"Dada, hii umeitoa wapi?"

"Ya bibi yangu."

Uongo wa kwanza.

"Gus Dolinar, mwaka wake wa kwanza ligini. Na nyuma wamekosea jina, wameandika Dolnar! Walisimamisha mtambo wakarekebisha, kwa hiyo zenye kosa hili utazitafuta kwa tochi mchana."

"Lakini si karatasi tu? Kwa nini iwe ghali hivyo?"

"Kwa sababu mama zetu walizitupa!" Vince alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Kijana anaenda jeshini, mama anafagia chumba, boksi jalalani. Zangu ziliondoka hivyo hivyo, na mama yangu namnunia kila Krismasi mpaka leo." Akaisogeza kwenye taa. "Picha iko katikati, haina mkunjo, rangi haijapauka. Kona tatu kali. Hii ya nne ndiyo imelainika. Ingekuwa kali kama zile nyingine, ungeondoka hapa na gari. Ilivyo sasa, italipia gesi mpaka majira ya kuchipua. Nenda kafikirie."

Hakufikiri. Alichukua wembe.

Aliifanya kazi hiyo juu ya meza ya jikoni, Bibi akiwa kanisani. Rula, wembe mpya, pumzi kaibana. Akapunguza upana wa unywele, unywele mmoja tu, pande zote nne ili zilingane. Vipande vinne vyembamba kama nyuzi vikaanguka, akavipangusa kwa kiganja. Kona nne, kali. Akaona ana akili!

Kesho yake Vince aliilaza juu ya kadi nyingine ya mwaka uleule. Safari hii hakucheka.

"Umeikata."

"Sijaikata..."

"Bibie, mimi nina macho. Imepungua. Kona iliyolainika ni kama uzee, watu wanauheshimu. Lakini kadi iliyokatwa ni maiti iliyopakwa poda. Hakuna atakayeinunua. Itoe dukani kwangu."

Usiku huohuo baiskeli ikaja.

Asubuhi Jolene alisimama kwenye fremu kama alivyozoea, "Mama, nipime!", na kichwa chake kikawa chini ya alama. Kidogo sana. Upana wa unywele. Kasimama vibaya, Rhonda akajiambia. Asubuhi ya pili, chini tena. Viatu vikaanza kupwaya. Na asubuhi hii ya tatu, baada ya usiku ule wa kujifunika mpaka puani, akaona kucha za mtoto. Zimekatwa. Zote kumi. Zimenyooshwa sawasawa, zenye kona kali...

Yeye hakuzikata.

"Jo... nani kakukata kucha?"

"Bernie."

"Bernie gani?"

"Ana baiskeli." Mtoto alinong'ona, macho yaking'aa, kama anayetoa siri ya mchezo. "Ananipima. Anasema nimezidi kidogo tu pembeni."

Rhonda hakuvaa hata viatu. Alimbeba mtoto, akachukua kadi chini ya godoro, akashuka ngazi mbili mbili. Bibi Wojtak alikuwa jikoni akikata kwa mdomo wa glasi donge la pierogi, maandazi ya kuchemsha ya kwao.

"Bibi, nimekuibia, nilifungua boksi, nilichukua moja, ni baridi Bibi, ni gesi, nisamehe, sikujua, hii hapa, ichukue..."

Bibi hakuitazama kadi. Alitazama vidole vya Jolene.

"Na wembe?" akauliza polepole.

Rhonda alilia. Hilo hakuwa amelisema.

"Bernie alikuwa mkali kwa kona zake," Bibi alisema. "Zile alizokuwa nazo mbili mbili ndizo alizofunga kwenye baiskeli. Nzuri hazikuguswa, hata na mimi. Siku ile nilimkuta anazipanga, vyombo havijaoshwa. Nikamwambia, nitazitupa zote, kama mama wengine. Akatoka kwa hasira, akapanda baiskeli. Na mteremko ule..." Alijifuta unga mikononi. "Sijatupa hata moja. Miaka thelathini na tisa. Na hajawahi kunijia, mwanangu. Hata ndotoni. Amekuja kwako."

Haikuwa sauti ya hasira. Rhonda alikuja kuielewa baadaye. Ilikuwa ya wivu.

"Vipande viko wapi?"

Walipiga magoti, mwanamke kijana na mwanamke mzee, wakachokoa nyufa za sakafu kwa sindano. Cha kwanza. Cha pili. Cha tatu kilikuwa chini ya jiko. Cha nne walikitafuta mpaka dirisha likawa jeusi, hawakukipata.

Bibi aliweka kadi na vipande vitatu ndani ya boksi, akaliweka mapajani.

"Upande mmoja bado umepungua, atarudi kuudai," akasema. "Nenda kalale na mtoto. Mimi nitamngoja hapa."

"Hapana, Bibi. Kosa ni langu."

"Na mtoto ni wako. Nenda. Jifungie."

Na Rhonda akaenda. Alibisha mara moja tu, basi. Alipanda, akazungusha ufunguo, akasukuma kabati mlangoni. Hivyo ndivyo alivyokuwa usiku ule.

Trrrrrrr... trrrr... tr...

Ikakoma kwenye mlango wa jikoni.

Viatu vidogo sakafuni. Harufu ya chingamu ikipanda ngazi. Kisha penseli ikikwaruza mbao, taratibu, krrrr...

Kisha vicheko.

Viwili.

Asubuhi kichwa cha Jolene kilikuwa pale pale kilipokuwa jana. Hakikuwa kimeshuka tena. Bibi Wojtak alikuwa kitini, mzima, mikono juu ya boksi. Kucha zake zote zilikuwa zimenyooshwa, zenye kona kali. Na kwenye fremu palikuwa na mstari mpya, juu zaidi ya ule wa Bernadine, kwa mwandiko wa mtoto: *Mama*.

Kila usiku mstari mwingine, chini kidogo ya ule wa jana. Kufikia Krismasi gauni la Bibi lilifagia sakafu. Daktari alimgonga mgongo akatabasamu: wazee hupungua, mifupa inakaa. Majirani wakasema hivyo hivyo. Rhonda alimkunjia magauni, akayashona pindo, akanyamaza. Jolene alianza kurefuka tena. Kila sindano iliyopita kwenye kitambaa kile ilikuwa kama inapita kwenye nyama yake, lakini alishona.

Januari akakipata. Kipande cha nne kilikuwa kimenasa kwenye mshono wa kitambaa cha meza, chembamba kama uzi. Alikimbia nacho chumbani kwa Bibi.

"Bibi, nimekipata! Tukirudishe, aache kukupima!"

Bibi Wojtak alinyoosha mkono, mkono mdogo sasa, kama wa msichana wa shule. Akakichukua. Akakiweka ulimini. Akakiteremsha kwa chai.

"Bibi!"

"Ukikirudisha hatakuja tena." Alimshika Rhonda kifundo cha mkono. Uso wake uling'aa, mashavu yana damu, na mdomoni alinuka chingamu. "Wako yu salama?"

"Yu salama."

"Basi niachie wangu. Padri asijue. Daktari asijue. Dale wako hata akirudi, asijue. Niapie."

Rhonda angeweza kukataa. Angeweza kumbeba Bibi siku ileile, mwepesi alivyokuwa, akamwondoa kwenye nyumba ile. Juu, Jolene alikuwa anaruka ruka kitandani, miguu yake ikipiga mbao kwa nguvu, mizito, yenye afya.

"Naapa, Bibi," akanong'ona, bila kumtazama machoni. "Sitamwambia mtu yeyote."