Mjumbe wa Saluni na Gereji

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku alimsaidia mama yake saluni. Alifagia, akachambua nywele za kusukia, akapanga viti. Jina hilo alibandikwa na wateja kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Ng'ambo ya barabara ilikuwepo gereji ya baba wa rafiki yake, fundi ambaye kila mtu alimwita Spana.

Jumamosi hii Chiriku hakutulia hata kidogo. Mwalimu mkuu alikuwa tayari kuacha darasa moja wazi jioni ili watoto wajisomee, mradi wazazi wakubaliane nani atawasimamia. Aliwaita mkutanoni shuleni mara mbili, na mara zote viti vilibaki vitupu. Ndipo Chiriku alipomwambia, "Mwalimu, Jumamosi kina mama wako kwa mama yangu, na kina baba wako gereji. Mkutano uwafuate hukohuko. Mimi nitapeleka maneno." Mwalimu alicheka, akakubali, akaahidi kupita mchana.

Mazungumzo yalipamba moto saluni. "Mwanangu anasomea jikoni, madaftari yote yananuka vitunguu," alisema mteja mmoja, kichwa kikiwa nusu kimesukwa. Wenzake wakaangua kicheko. "Darasa tunalitaka. Kawaulize wanaume wanasemaje."

Chiriku alitazama kushoto na kulia, akavuka mbio. Spana alichungulia kutoka chini ya gari.

"Na sisi tunalitaka," alisema. "Ila jioni barabara hii inajaa malori. Watoto wasirudi peke yao. Waambie kina mama wapokezane kuwasindikiza."

Chiriku alirudi moyo ukimdunda kwa furaha, lakini mlangoni akasita. Kina mama wakisikia habari ya kusindikiza, si watakasirika? Darasa lenyewe si litaota mbawa?

"Wamekubali," akasema, basi.

Saluni nzima ilishangilia. "Vizuri," mama yake alisema. "Waambie wao ndio watasimamia darasa na kuwarudisha watoto nyumbani. Sisi vichwa vya watu tutamwachia nani?"

Kule gereji Chiriku alisema tena, "Wamekubali." Mafundi wakapiga makofi, mikono myeusi kwa grisi.

Mwalimu mkuu alipowasili saluni, Spana naye alivuka barabara. "Haya, mama Chiriku, Jumatatu nani anaanza kusindikiza?"

"Kwani si nyie?"

"Sisi? Si mmekubali wenyewe?"

"Tumekubali lini? Mnatufanya watoto wadogo?"

Spana alikunja uso. "Kama ni mchezo, tusipotezeane muda." Akageuka aende zake.

Chiriku akaona kosa lake. Akinyamaza, kila upande utaamini mwenzake ni mwongo. Alimkimbilia Spana, akamshika ovaroli.

"Baba, subiri. Ni mimi. Ya kusindikiza sikuwaambia kina mama, na ya kwao sikukuambia wewe. Niliogopa mtagombana, darasa tulikose."

Mama yake akaweka chanuo mezani. "Wote nje," alisema. "Tuzungumze uso kwa uso."

Basi wakakaa kwenye mabenchi mbele ya saluni, wanawake na vichwa vyao nusunusu, mafundi na ovaroli zao. "Hayo ya malori ni kweli," mama alisema. "Hatukuyafikiria." Spana naye alikiri kwamba ni Jumamosi tu ndiyo inayowabana, siku nyingine mtu mmoja anaweza kutoka. Wakaafikiana kwamba kila jioni mama mmoja na baba mmoja watakaa darasani, kisha watawasindikiza watoto.

"Naanza mimi," Spana alisema. "Lakini hesabu za siku hizi zinanishinda."

"Hesabu watafanya wao," mwalimu alimjibu. "Wewe hakikisha hawapigani." Barabara nzima ikasikia kicheko chao.

Watu walipotawanyika, mama alimvuta Chiriku karibu. "Wazo lako la kutuletea mkutano hapa limenifurahisha sana. Lakini ulidhani sisi hatuwezi kusikia jambo gumu. Ukipewa neno la mtu, lifikishe zima, hata kama halitapendeza. Tungejuaje la kufanya kuhusu malori bila kuambiwa?"

"Nimeelewa, mama."

"Na umesema kweli mbele ya watu wote. Hapo umenikosha moyo. Haya, Jumatatu uwe wa kwanza kuingia darasani."