Mwito Uliokatwa

"Naam."

Saa sita ya usiku ilikuwa imepita kidogo, mvua imekatika, na Zakia alikuwa anamnyonyesha Nusura gizani aliposikia sauti hiyo uani. Sauti ya mwanamume. Wala haikuwa ya kutisha, na hilo ndilo lililomtisha: ilikuwa sauti ya adabu, ya mtu aliyeitwa na mkubwa wake, akaitika. Ila hakuna aliyeita. Shabani, mumewe, alikuwa anakoroma ubavuni kwa uchovu wa gereji ya mtaa wa Sakina anakoshinda chini ya magari. Mama mkwe wake, Bi Rukaiya, alikuwa kalala chumba cha pili. Nyumba nzima, pale mtaa wa Daraja Mbili, Arusha, ilikuwa imezima taa.

Mtoto akaacha kunyonya, akageuza kichwa kuelekea dirishani.

"Naam," ikasema tena, karibu kidogo.

Asubuhi, pale bombani, akamwuliza Susana, Mmeru aliyepanga chumba cha mbele, kama usiku alisikia mtu uani.

"Nimesikia mbu," Susana akasema. "We mama Nusura, mtoto ana miezi saba bado unasikiasikia vitu kama mzazi wa jana? Kunywa mtori wako wa ndizi ulale."

Zakia akacheka, maana angefanya nini. Lakini alipopita chini ya dirisha lake akasimama. Palinuka. Si moshi wa kuni, si choo. Palinuka sufu iliyoungua na grisi ya mashine, na harufu hiyo aliijua, na uso ukamwaka kwa aibu kabla hata hofu haijafika.

Ilikuwa harufu ya kiwandani.

Zakia alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha blanketi, ile miaka ya tisini serikali ilipokuwa inauza viwanda vyake kimoja kimoja na mitumba imejaa kila soko. Chao kilipangiwa kufungwa. Wiki ya mwisho meneja wao, mzee Naftali, akaja na Wajerumani wawili waliovaa nguo nyeusi tupu, wamebeba mikrofoni zenye manyoya kama paka.

"Mimi nilidhani ni watu wa usharika," Naftali alimnong'oneza, maana yeye ni Mlutheri wa kule mlimani na Wajerumani wote aliowahi kuwajua walikuja na Biblia. "Kumbe wana bendi. Wanatengeneza albamu, roki ya vyuma na mitambo. Wamepanda ndege kuja kurekodi kelele! Si wangetuandikia tu, tukawapelekea?"

Wakarekodi kweli. Mitambo ya kufuma ikawashwa kwa mara ya mwisho, na yule mrefu, Detlef, akasimama mbele ya kila mmoja kafumba macho kama mtu anayeomba. Zakia ndiye aliyekuwa mkalimani, mimba ya miezi minane mbele yake, na siku nzima wakamsifia Kiingereza chake. Jioni Detlef akamwambia kwamba mashine amezipata, sasa anataka sauti ya mwanamke juu ya mashine. Hakuna wimbo wa zamani hapa kwenu, wimbo usioimbwa ovyo?

Ulikuwepo. Angesema haupo, na mambo yangeishia pale.

Bi Rukaiya alikuja Arusha akiwa bibi harusi kutoka Pangani, na alikuja na mgeni wake aliyemrithi kwa nyanya yake. Mgeni, ndivyo alivyomwita. Neno jini hakulipenda. Mara moja kwa mwaka, kabla ya Ramadhani, alifunga mlango, akafukiza ubani, akaweka halua na maji ya waridi, akamwita, akamlisha, akamuaga. Watoto wake ni wa kiume watupu, kwa hiyo alimfunza mkwewe. Mwito ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ya kuita: njoo kwa njia, njoo kwa jina, aliyekuita yupo mlangoni. Ya pili ya kuaga: umeitika, umekula, rudi kwenu kwa salama.

"Ya kwanza bila ya pili ni kumwita mtu na kumfungia mlango," alimwambia. "Na usiimbe hata ukiwa unafua. Nimekupa wewe kwa sababu nakuamini."

Naye Zakia akaenda kuuimba kiwandani. Aliimba sehemu zote mbili, na miezi yote hii alikuwa anajitetea hivyohivyo moyoni, nilianza nikamaliza, nilianza nikamaliza. Lakini alijua kwa nini aliimba. Kesho yake hakuwa na kazi, na kwa nusu saa ile palikuwa na watu waliomtazama kama mtu wa maana. Khanga ikamteleza kichwani, kamera ikamulika, hakuipandisha. Wakampa radio kaseti mpya. Nyumbani akasema ni zawadi ya kuagwa kazini, na Bi Rukaiya akawaombea dua waliomkumbuka mkwewe.

Sasa ile sauti ikawa inakuja kila usiku. Ilitoka langoni ikafika bombani, ikatoka bombani ikafika ukutani, na daima pengo lilikuwa lilelile kati ya naam na naam, kama pigo la mtambo. Shabani hakusikia kitu. Alisikia harufu tu, akanusa mikono yake mwenyewe, akasema, "Grisi ya leo haitoki."

Siku moja mchana mzee Naftali akabisha hodi na bahasha nene.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Imekuja kwenye sanduku langu la posta. Ni rafiki zako wa kelele."

Zakia alingoja mpaka Naftali ameondoka. Detlef aliandika kwa furaha. Albamu imetoka! Wimbo wenye sauti yako ndio tuliotanguliza, redio zinaupiga kila usiku, sasa tunazunguka miji thelathini kuinadi, na kila onyesho linaanza taa zimezimwa, sauti yako peke yake, watu maelfu wamenyamaza. Ndani palikuwa na kaseti, na bango limekunjwa mara nne. Akalikunjua. Alikuwa yeye: tumbo mbele, kichwa wazi, kinywa wazi, mtambo nyuma yake. Hili, Detlef aliandika, liko kwenye kila kituo cha treni.

Alilikunja haraka kana kwamba chumba kizima kinamwangalia. Mke wa mtu. Kichwa wazi. Na wanaume wa nchi nzima wanasubiri treni chini ya tumbo lake.

Nusura alikuwa amekaa ndani ya beseni, anapigapiga maji. Zakia akaitia kaseti kwenye ile radio, akaipunguza sauti, akabonyeza.

Kwanza ni mitambo. Kisha gitaa zito kama lori linalopanda mlima, na mwanamume anayeongea Kijerumani kwa koo la chini. Kisha yeye. Njoo kwa njia, njoo kwa jina, aliyekuita yupo mlangoni. Njoo kwa njia, njoo kwa jina, aliyekuita yupo mlangoni. Akasubiri ile ya pili, akaisubiri mikono imeshika magoti, na haikuja, ikaja ya kwanza tena, ikakatwa palepale na kurudishwa, ikakatwa na kurudishwa, na ndipo alipogundua kwamba kila inapokatwa, katika lile pengo dogo, nje ya dirisha, mchana kweupe, jua linawaka na Susana anaanika nguo na kuimba pambio, kuna mtu anajibu kwa adabu, naam, naam, naam, na mwanawe ndani ya beseni ameacha kupiga maji na anatikisa kichwa kufuata.

Akaizima.

"Naam," ikasema nje. Baada ya kimya kidogo, "Naam."

Kaseti ilikuwa imezimwa. Lakini si kaseti hii peke yake iliyokuwepo duniani.

Kesho yake alikwenda posta kupiga simu kwa namba iliyokuwa kwenye barua, akampata Detlef katika mji anaoujua Mungu, nyuma yake watu wanavuta meza na kupigapiga ngoma.

"Zakia! Umeisikia?"

"Sehemu ya pili iko wapi? Mimi niliimba mbili."

"Ile ilikuwa inatuliza," Detlef akasema kwa upole. "Sisi hatutaki kumtuliza mtu. Tulichukua ile ya kwanza tukaizungusha. Haina mwisho, ndiyo maana watu wanaipenda."

"Itoe. Nakuomba. Inatuletea kitu nyumbani, nina mtoto."

Akacheka, si kwa ubaya. "Zakia, iko madukani. Iko majumbani mwa watu. Nitaitoaje?"

Alirudi nyumbani jioni. Bi Rukaiya alikuwa mkekani anachagua mchele, Nusura amekaa mbele yake. Zakia hakuwahi hata kuvua viatu. Mtoto aliinua uso kuelekea mlango mtupu nyuma ya mama yake, akafungua kile kinywa kisicho na jino hata moja, akasema kwa sauti nzito ya mwanamume mzima:

"Naam."

Ungo ukaanguka. Bi Rukaiya hakumtazama mtoto. Alimtazama Zakia.

"Nani kamwita?"

Zakia angeweza kusema hajui. Alijua angeweza, na hilo pia lilimtia aibu baadaye, kwamba hata wakati ule alifikiria. Kisha akapiga magoti juu ya ule mchele uliomwagika, akatoa bango kwenye mkoba, akalikunjua mbele ya mkwewe, akasema yote kwa mkupuo, kiwanda, wimbo, radio, uongo, mwito uliokatwa, miji thelathini.

Bi Rukaiya alilitazama bango muda mrefu.

"Hata kichwa hukufunika," akasema taratibu. Zakia aliona afadhali angepigwa.

"Nimuage, mama. Niimbe ya pili sasa hivi."

"Utamuaga, na kabla hajafika langoni, huko watamwita tena. Utaimba mpaka lini? Miezi yote kasimama hajapewa hata tende. Aliitwa na tumbo lenye mtoto, anajua huyu ndiye mlango." Akamshika Nusura, ambaye alikuwa anaanza kufungua kinywa tena. "Nenda kafunge mlango. Lete ubani. Mumeo akirudi mwambie nina homa."

Walifunga. Moshi ulipojaa, ile harufu ya sufu iliyoungua ikapanda juu yake, ikaushinda, na sauti ikawa haitoki nje tena, ikawa inatoka kifuani mwa mtoto, naam juu ya naam bila nafasi ya kupumua, midomo ya Nusura ikaanza kuwa ya buluu, na Zakia akasukuma sahani ya halua mbele, na Bi Rukaiya akaweka paji la uso wake juu ya paji la mtoto, akaanza kusema kwa sauti ndogo, bila kuimba, kama mtu anayempokea mgeni aliyekasirika.

"Mimi ndiye niliyekuita. Umepotea mlango, bwana. Sauti ni yangu, nilimwazima mtu. Huyu hajui jina lako. Mimi nalijua. Kila utakaposikia unaitwa, ni mimi. Njoo kwangu, ule kwangu, uulize kwangu."

Zile naam zikakoma. Kitu kikapita juu ya mkeka, mchele ukajigawa njia mbili kukipisha.

"Naam," ikasema, nyuma ya meno ya Bi Rukaiya.

Nusura akalia. Kilio cha kawaida, cha njaa, na Zakia alimkumbatia akalia naye.

Kuanzia siku hiyo Bi Rukaiya hakulala. Usiku kucha taa ya chumba chake iliwaka, akasikika anaongea, karibu, kaa, kula, subiri, na sauti nyingine inamjibu, na safari hii hata wengine walisikia. Macho yalimwingia ndani. Mikono yake ilianza kunuka grisi. Ndani ya mwezi mmoja watoto wa nyumba ile walikuwa wanazunguka mbali kukwepa mlango wake.

"Nimemsikia kwa masikio yangu mwenyewe," Susana alinong'ona bombani. "Mama mkwe wako anafuga jini, mama Nusura. Na mtoto mchanga ndani! Mimi ningekuwa wewe ningeshaondoka."

Zakia akakaza khanga yake. Ndoo ilijaa, ikamwagika, hakuisogeza.

Shabani naye alisikia. Jioni moja akakaa kitandani, akashindwa kumtazama mkewe. "Nimeongea na mjomba Khalfani, Pangani. Nampeleka mama kesho. Nisamehe, mama Nusura. Umeishi na jambo hili nyumbani kwangu, mwanao mikononi, na mimi sikujua mama yangu yuko hivi."

Alimwomba yeye msamaha.

Asubuhi aliingia chumba cha mkwewe, akafunga mlango nyuma yake.

"Mama, namwambia Shabani. Namwambia sasa hivi, anifukuze mimi."

"Punguza sauti." Bi Rukaiya alikuwa amekaa na baibui lake tayari, mdogo kuliko alivyokuwa mwaka jana. "Huyu mgeni ndiyo kwanza kasinzia; akiamka anasikiliza nyumba nzima, hana kazi nyingine. Siku ukilitamka kwa mtu yeyote, kwamba ni wewe, atajua nimemdanganya. Unadhani atarudi kwa nani?"

Nusura alikuwa mgongoni, anavuta nywele za mama yake.

"Watu wanakutukana, mama. Mwanao anakuonea haya."

"Najua. Ulichoniambia kinaishia kwangu. Nipe mkono."

Zakia akampa. Kiganja cha bibi kilikuwa cha moto, kinatetemeka kidogo kwa pigo lilelile, bila kukosea.

"Si mama yako, si shoga yako, hata ukiwa unakata roho. Wala mumeo."

Nje Shabani alikuwa anafunga sanduku kwa kamba, anakaza fundo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Wala mume wangu," Zakia akasema. "Simwambii mtu mwingine."