Mfumo Mpya Dukani kwa Waridi

Wanaume wawili walikabana mashati mbele ya printa, kila mmoja akidai karatasi zake zitoke kwanza. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Ukunda imefurika watu, na dukani kwa Waridi, penye kompyuta za kukodi, hapakuwa na pa kutia mguu. Alipojitia kati kuwaamua, buibui likimteleza begani, alipigwa kiwiko cha mdomo. Ndipo kijana mrefu, shati la bluu la hoteli ya Diani, alipowakamata wote wawili kwa ukosi akawatupa nje.

"Pole, dada. Watoka damu," alisema, akimpa kitambaa.

"Ahsante. Ulikuja kwa shida gani?"

"Kuchapa barua. Lakini naona mashine zako bado ni Windows kumi. Hiyo imeshaachwa na walioitengeneza. Hamia kumi na moja."

"Zafanya kazi. Mbona nizihangaishe?"

"Zafanya, ndiyo. Ila mwizi akipata upenyo, hakuna wa kuuziba."

Aliitwa Nassir, mzaliwa wa Msambweni, fundi wa kompyuta hotelini. Tangu siku hiyo akawa apiga simu kila jioni, na ubishi ule ukageuka mapenzi.

"Waridi wangu, umeamua?"

"Nimeamua kula wali. Mfumo wako utazilemea mashine zangu."

"Mbili hazitauweza, sikufichi. Tano zitauweza, hata ya kaka yako."

"Ya Rashad iache, habibi. Yule hasira zake ziko karibu."

Nassir hakuiacha. Jumatano moja, Waridi akiwa Waa kwa mamake, aliingia dukani akaitia mfumo mpya mashine ya Rashad, akidhani atamfurahisha mpenziwe. Programu kongwe ambayo Rashad alikatia video za harusi ikakataa kufunguka.

Waridi aliporudi, kioo cha kaunta kilikuwa vipande sakafuni. Nassir alikuwa amemkalia Rashad kifuani, ngumi zikishuka usoni moja baada ya nyingine, na damu imeruka mpaka ukutani.

"Kanivamia," Rashad alikoroma.

"Waridi, nisikilize. Yeye ndiye aliyeanza, kanipiga kwa—"

"Toka dukani kwangu."

Nassir alitoka, jicho limezibwa na damu ambayo Waridi hakutaka kuiangalia. Kwa wiki tatu simu yake iliita, na kwa wiki tatu Waridi aliitazama ikiita mpaka ikanyamaza. Usiku alilia. Mchana alimvumilia Rashad, ambaye kila siku alizidi kuwa mkali.

Siku moja baada ya adhuhuri alimwambia kwa upole, "Kaka, tutafute fundi mwingine akurudishie mfumo wa zamani, ugomvi uishe."

Rashad aliinuka na kiti cha chuma mkononi. "Bado wamtetea hawara wako? Nilimpasua kwa hiki hiki kabla hajageuka. Nawe nitakupasua."

Waridi alikinga kwa mkono, akasikia mfupa ukilia. Rashad alimshika mtandio akamgonga ukutani mara mbili. Waridi alimuuma Rashad kidole, akauma mpaka ladha ya damu ikamjaa kinywani, mtandio ukaachiliwa, akakimbilia nje akipiga mayowe. Majirani walimwangusha Rashad na kumpiga mateke mpaka polisi walipomchukua, hawezi kusimama.

Akiwa zahanati, mkono ndani ya plasta, Waridi mwenyewe alimpigia Nassir simu. Alifika akihema, kovu bichi likikata nyusi yake.

"Nilikataa kukusikiliza," Waridi alisema. "Nisamehe."

"Nimekusamehe, roho yangu."

"Lakini nawe una lako. Nilikwambia uiache. Uliingia kwenye mashine ya mtu bila idhini yake, wala yangu."

Nassir aliinamisha kichwa. "Nilitaka kukufurahisha. Nilikosa."

"Ukitaka kuishi nami utaniuliza, na nikikataa utakubali."

"Basi nakuuliza. Utaniruhusu nilete wazee wangu Waa?"

Waridi alimgusa lile kovu kwa ncha ya kidole cha mkono mzima. "Walete. Mama atawapokea."

"Na mashine?"

"Nne zitie mfumo mpya kesho, nami nitakaa kando yako nikitazama. Ya Rashad usiiguse mpaka atoke, umuulize mwenyewe."