Vidonge vya Kinyozi

Ndugu zangu, kinyozi wa mtaani kwetu alikuwa na mkono laini hata wateja wakisinzia kitini mwake. Mimi mwenyewe nimekoroma pale mara nyingi, naye akaningoja niamke. Duka lake lilinukia sabuni, mkewe akishona nguo nyuma ya pazia. Ilikuwa nyumba ya kuonea wivu.

Alipomzika mama yake, usingizi ukamkimbia. Wiki ikapita, mwezi, miezi mitatu. Nanyi mnajua, kwa kinyozi kila mteja ni daktari. Huyu alisema anywe maziwa ya moto, yule alisema ageuze kitanda. Aliyempelekea vidonge vya usingizi vilivyobaki vya shangazi yangu ni mimi. Nilijiona mwema kupita kiasi.

Kidonge kimoja kilimlaza. Baadaye vikawa viwili, kisha vitatu, akawa anavinunua kichochoroni bila karatasi ya daktari. Asubuhi alikuwa mzito kama gunia lililonyeshewa. Mkewe alipomuuliza, alijibu, "Niache, mama watoto. Bila hivi silali, na nisipolala hatuli." Aliwahi kuviacha ghafla. Alitetemeka na kutokwa jasho siku mbili, akavirudia mbio.

Nami nilikuwepo, nasubiri zamu yangu, asubuhi alipokuwa akimnyoa ndevu baba mkwe wake. Mzee aliinua kidevu, akafumba macho. Kinyozi akasinzia wima, wembe ukiwa shingoni. Damu ilishuka hadi kwenye kola.

Mzee hakupiga kelele. Alijibana taulo shingoni, akasema, "Weka wembe chini, mwanangu. Una nini?"

Kinyozi alikaa sakafuni, kwenye nywele za watu, akalia. "Baba, nusura nikuue."

"Hujaniua. Sema unakunywa nini."

Mkewe ndiye aliyeleta pakiti. Alijua siku zote ilipofichwa, akanyamaza kwa aibu.

Mzee alishonwa nyuzi nne. Daktari aliyemshona akaitazama ile pakiti, akamgeukia kinyozi. "Usiviache kwa siku moja. Tutapunguza kidogo kidogo, na kila wiki uje nikuone. Amka saa ile ile kila siku, umelala au hukulala. Mchana usijinyooshe. Na wembe usiuguse mpaka nikuruhusu."

Kwa miezi minne kinyozi alifagia duka lake bila kumnyoa mtu, cherehani ya mkewe ikalisha nyumba nzima. Kuna wiki alinuna, kuna wiki alinitukana, nami nilistahili. Kwa daktari alizungumza habari za mama yake, jambo ambalo sisi, na midomo yetu yote, hatukuwahi kumuuliza. Usingizi ukarudi kwa kunyata.

Siku aliporuhusiwa tulijaa dukani, kila mmoja akimtanguliza mwenzake. Niliogopa, sifichi. Mzee akatupita, akakaa kitini, akafungua kola.

"Nyoa," akasema.

Kinyozi akamnyoa taratibu mpaka mwisho, na mkono wake haukutikisika.

FUNZO

Dawa ya mgonjwa mmoja si zawadi kwa mwingine. Usingizi ukikukimbia, nenda kwa daktari, si kwa majirani. Ukiwa umeshazoea vidonge, usiviache ghafla wala peke yako. Na wewe mwenye huruma ya haraka, muulize mwenzako kwanza kinachomkesha. Mimi sikuuliza, na kovu la mzee naliona kila tunapoamkiana.