Kitabu cha Ndugu wa Taa

Odeta hakuwa mtu wa kuamini upesi. Akinunua samaki, sato, sokoni, anafunua mashavu mara mbili, na hata akisharidhika bado anamwangalia muuzaji kwa jicho la pembeni. Kwa hiyo siku ile ya Saba Saba, mwaka 1995, kwenye kivuko cha Kamanga, Mwanza, kijana mmoja alipomwambia, "Dada, nikupokee huo mzigo," alichofanya ni kuukumbatia kwa nguvu zaidi.

"Nakujua wewe?"

"Hunijui. Lakini nikikimbia nao nitaelekea wapi? Maji pande zote."

Kicheko kilimpanda Odeta, akakimeza. Kivuko kilikuwa kimefurika watu wa sikukuu, kreti za soda, magodoro na kuku waliofungwa miguu, na harufu ya dagaa ilimkaba kila mtu bila kubagua. Yeye alivaa gauni la kitenge cha kijani alilolishona mwenyewe, limebana kiuno, mabega yamefura kwa mtindo wa miaka ile. Kijana alivaa koti la mtumba lililomfika mapajani, kalamu tatu mfukoni, na pindo la suruali limefumuka mguu mmoja. Sasa fundi aone pindo limefumuka halafu anyamaze?

"Kaka, suruali yako inaburuza."

"Ndiyo maana natafuta fundi."

"Muongo! Hata hukujua kama imefumuka."

"Kweli sikujua," kijana akacheka. "Ila sasa nimempata."

Aliitwa Revocatus. Alipanga chumba Bujora, na kazi yake, alisema, ilikuwa kukusanya habari za vyama vya zamani: vya ngoma, vya kuzikana, vya wacheza na nyoka. Alizunguka kwa wazee akiuliza nani alikuwa mwanachama, na kama kuna kitabu cha majina kilichobaki.

"Majina ya wafu yanakusaidia nini?" Odeta akamuuliza.

"Majina ya wakubwa yameandikwa kila mahali, dada. Ya wapishi na madobi utayakuta wapi, kama siyo kwenye vitabu vya vyama vyao?"

Odeta akaukumbatia mzigo wake upya. Kitabu cha namna hiyo kilikuwa nyumbani kwao Mirongo, mjini Mwanza, chini ya vitenge, ndani ya sanduku la bibi yake, Bibi Kija. Babu yake Shimba alikuwa katibu wa chama kilichoitwa Ndugu wa Taa. Enzi za mkoloni walikutana Jumamosi, milango imefungwa, mikanda myekundu begani, taa moja mezani. Mji ukasema hao ni mumiani, wanakunywa damu za watu. Babu alikufa, maneno hayakufa. Bibi Kija alirudi kijijini kwao, moshi wa kuni ukayafanya macho yake mekundu, watu wakayaita ya mchawi, na mtu akakumbuka kwamba mumewe alikuwa mumiani. Mwaka ule bibi jirani mwenye macho kama yake alikatwa mapanga. Kesho yake Odeta alikwenda kumchukua bibi yake na nguo za mwilini, sanduku moja, basi.

Alishamwomba mara nyingi wakichome kile kitabu. "Ni mwandiko wa mume wangu," Bibi husema. "Picha yake sina. Unataka nibaki na nini?"

Hapo ndipo Odeta alipotakiwa kumkwepa yule kijana. Alimkwepa? Thubutu! Wiki haikuisha, Revocatus alikuwa barazani Mirongo na suruali yake. Wiki ya pili akaleta shati lisilo na kifungo. Ya tatu, shati jingine, vifungo viwili.

"Unavikata mwenyewe," Odeta alimwambia bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Nani kasema?"

"Nyuzi zimesema. Hizi zimekatwa na wembe, Revo. Kifungo kikidondoka chenyewe huacha uzi umechakaa."

Revocatus aliona aibu mpaka masikioni. "Wewe ungefaa kazi yangu," akasema, akamwonyesha daftari lake. Kila ukurasa ulikuwa na safu tatu: jina, tarehe, aliyesema. "Jina peke yake si kitu, fundi wangu. Tazama tarehe, kisha tazama nani kasema."

Mapenzi yakakolea. Revocatus akiwa safarini alipiga simu dukani kwa Mzee Chenge, ng'ambo ya barabara, na Mzee Chenge, ambaye mdomo wake haukujua kufungwa, alipaza sauti mtaa mzima usikie: "Odetaaa! Bwana Kalamu yuko hewani!" Kisha husimama hapo hapo akipanga sabuni ambazo zimeshapangwa. Ni huyo huyo Chenge aliyekuwa akiwanong'oneza wateja, "Mmeyaona macho ya yule bibi? Mumewe, wazee wa mji waliniambia, alikuwa mumiani."

Odeta alipenda kwa moyo wote huku nusu ya akili ikiwa mlangoni inachungulia. Mbona hakuwahi kuuliza habari za babu yake? Mtu anayeuliza kila mzee wa Mwanza, anapita barazani kwa Bibi Kija na kusema tu, "Shikamoo Bibi," akaitikiwa, "Marahaba, mjukuu wangu," akaenda zake?

Jibu alilipata mwanzoni mwa Novemba. Revocatus alikwenda Sengerema, akasahau daftari juu ya cherehani. Odeta alilifungua, akaanzia nyuma, kama atendavyo mtu mwenye wasiwasi. Akasoma: *Shimba, katibu, Ndugu wa Taa. Mjane wake Kija, yuko Mirongo. Mjukuu Odeta, fundi. Kitabu kimo sandukuni.*

Machozi yakamjaa machoni, akalifunga daftari.

Kumbe! Pindo, vifungo, fundi wangu, vyote hivyo ni kutafuta sanduku la bibi yake! Na kesho kutwa majina yatatoka, na watu wa kijijini wataujua mtaa.

Jioni Mzee Chenge akaita. Odeta alikwenda na khanga imefungwa kiunoni kama anayekwenda kupigana.

"Mpenzi," sauti ya Revocatus ikakwaruza, "nadhani nimesahau…"

"Umesahau kuniambia ulikuja kwa ajili ya nini."

"Umesoma."

"Nimesoma. Nimekuta jina langu, la bibi yangu, na sanduku letu. Lilibaki kufuli tu!"

"Odeta, ni kweli nilijua. Lakini nisikilize…"

"Tangu lini unajua? Tangu kwenye kivuko? Ulikuwa unapokea mzigo au ulikuwa unanipima? Usikanyage kwetu tena, Revo. Bibi yangu akidhurika, damu yake iko kwenye kalamu zako tatu."

Akakata simu. Mzee Chenge aliendelea kupanga sabuni.

Nyumbani Odeta alipuliza mkaa, akachana ukurasa wa kwanza wa daftari. Bibi Kija akamshika mkono.

"Limeandikwa kumhusu mume wangu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi nisomee kwanza. Ukishanisomea, choma."

Odeta akasoma kwa hasira. Mpishi wa fulani, dobi wa fulani, mchochea makaa wa meli. Alipofika Julai akasita. *Tarehe 7 Julai. Kivuko cha Kamanga. Leo sikuandika jina hata moja. Nimekutana na fundi, sikumuuliza wa ukoo gani.*

"Endelea," Bibi akasema.

Akageuza kurasa za Agosti. Hapakuwa na Shimba. Akafika ule ukurasa wa nyuma, na safari hii hakutazama jina. Alitazama tarehe: 22 Septemba. Aliyesema: *Mzee Josephat, Sengerema, mwanachama wa mwisho aliye hai.* Mwezi wa tatu wa mapenzi yao! Na chini kabisa, kwa herufi ndogo ambazo macho yenye machozi yalikuwa yameziruka: *Miaka miwili nakitafuta, kumbe kiko kwao. Mzee Josephat kanieleza kwa nini wanakificha. Sitauliza. Kazi hii na iishie hapa.*

Odeta alifunika uso kwa khanga, akalia kwa sauti. Bibi alimwacha alie, kisha akasema, "Mwite."

"Nimemfukuza, Bibi! Nitamwambia nini?"

"Mwambie nimemwita mimi. Kwangu mimi hajafukuzwa."

Jumamosi asubuhi Revocatus alifika, koti lile lile, macho chini. Mzee Chenge, asiyepitwa na jambo, akavuka barabara na kusimama mlangoni akijifanya ameleta chumvi.

"Kwa nini hukuniambia?" Odeta aliuliza, sauti bado ina ukali.

"Ningekuambia, ungesema nimekufuata kwa ajili ya kitabu."

"Na hukuniambia, bado nimesema hivyo hivyo!"

"Nimeona," akajibu. "Nilikosea, Odeta. Nisamehe."

Bibi Kija alifungua sanduku mbele ya wote. Kitabu kilikuwa cheusi, kingo zimeliwa na mende. "Soma kwa sauti," akamwamuru Revocatus.

"Bibi, si lazima…"

"Nimesema soma."

Akasoma majina, kazi zao, na ndugu aliyemsimamia kila mmoja, kwani hakuna aliyeingia bila mwenzake kumsimamia. Alisoma nani alimwosha nani alipokufa, na wajane wa nani waliezekewa nyumba. Msukuma alimsimamia Mjaluo, Mjaluo akamsimamia Mhaya. Kisha akasoma, "Antoni Chenge, dobi, Mirongo. Amesimamiwa na Shimba. Mkewe alipougua, ndugu walimuuguza siku tisa."

Chumvi ilidondoka mlangoni.

"Antoni yupi?" Mzee Chenge akauliza kwa shida. Akasogea, akaweka kidole kwenye jina. "Baba… siku tisa. Mama alinieleza habari za hizo siku tisa. Hakusema ni nani."

"Mumiani," Bibi Kija akasema, akamkodolea macho yake mekundu. Halafu akaangua kicheko, na Chenge, kwa aibu, akapiga magoti. "Nisamehe, mama. Atakayekusema tena mtaani hapa ataanza na mimi."

Bibi akamgeukia Revocatus. "Haya, andika. Lakini andika wote. Ukimwandika mume wangu peke yake utakuwa umetuua. Ukiandika Mirongo nzima, nani atamnyooshea nani kidole?"

Revocatus alilifungua daftari, lakini hakuanza na wafu. Aliandika mstari mmoja, akalisukuma taratibu mpaka mapajani mwa Odeta. *Nimemuuliza Odeta kama atakubali kuolewa nami. Amesema…* Palikuwa na nafasi tupu, na safu mbili hazijajazwa.

Odeta alisoma mara mbili, kama anayekagua mashavu ya sato. Alichungulia nyuma ya ukurasa kama kuna kingine. Kisha akanyoosha mkono, akachomoa kalamu moja mfukoni kwa Revocatus.

Mbele ya "Amesema" akaandika: *ndiyo.* Kwenye tarehe: *11 Novemba 1995.* Na kwenye safu ya tatu, ya aliyesema, akakandamiza kalamu mpaka karatasi ikaacha alama upande wa pili: *Mwenyewe.*