Upele wa Dada Pambio

Watoto wa mjini ndio waliompa jina hilo. Alikuwa binti wa fundi cherehani, msichana wa miaka kumi na minane mwenye sauti ya kujaza kanisa. Alikwenda mjini na vijana wenzake wa kanisa kwa huduma ya wiki moja, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha watoto mapambio. Siku ya pili tu, hakuna mtoto aliyemwita kwa jina lake. Akawa Dada Pambio. Hata akienda chooni, walimsindikiza wakiimba.

Mtaa wenyewe ulikuwa wa vyumba vya kupanga, mlango kwa mlango, kamba za nguo zimekatiza juu ya vichwa vya wapita njia. Kituo cha watoto kilikuwa ukumbi mmoja wa bati, na bomba moja uani. Asubuhi vijana walifagia na kupika uji. Baadaye walicheza na watoto na kuwasomesha.

Kati ya watoto hao alikuwapo msichana wa miaka sita hivi. Wenzake walimwita Kupe, maana akikushika hakuachii. Alimganda Dada Pambio tangu siku ya kwanza. Dada akikaa, Kupe yuko mapajani. Dada akisimama, Kupe amemshika kidole.

Siku ya nne, wamefanya duara wanaimba, Dada Pambio akautazama ule mkono mdogo. Katikati ya vidole kulikuwa na vipele, vingine vimetunga usaha. Akauchomoa mkono wake kama aliyegusa moto.

"Usinishike," akasema. "Una upele. Nenda kaoge kwanza, ndiyo uje ucheze na wenzako."

Hakukusudia kusema kwa nguvu. Lakini sauti ilikuwa ile ile ya kuimbisha, na duara zima lilisikia. Watoto wakacheka, wakarudi nyuma. Kupe akaficha mikono mgongoni. Hakulia. Alitembea taratibu mpaka mlangoni, akatoka. Siku zilizobaki hakuonekana tena.

Dada Pambio akajiambia kwamba amewalinda watoto wengine. Hata hivyo, aliporudi nyumbani alisimulia habari zote za safari, ila hiyo aliimeza.

Wiki nne zikapita. Kisha vidole vikaanza kumwasha. Halafu kiuno. Halafu makwapa. Mchana alivumilia, lakini akipanda kitandani mwasho ulizidi, kama amemwagiwa upupu. Alipochunguza mikono yake akaona vipele. Vilikuwa vile vile alivyoviona kwenye mkono wa mtoto.

Hakumwambia mtu. Alivaa sweta kwenye joto. Alioga mara tatu kwa siku, akajisugua kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikachubuka. Kwaya akaikwepa kwa kusingizia mafua.

"Mafua gani haya yasiyojua kupiga chafya?" baba yake akamtania.

Alikuwa akilala kitanda kimoja na mdogo wake, kitindamimba wa miaka mitatu. Asubuhi moja mama yao akimvalisha mtoto, akaona tumbo limejaa vipele. Mtoto alikuwa anajikuna kwa mikono miwili huku analia.

Mama akaenda kufunga mlango wa mbele. "Asitoke huyu. Wateja wakimwona watasema nyumba hii hatuogi. Nani ataniletea nguo nimshonee?"

Lakini mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na jirani yao alikuwa ameshaingia, kama kawaida yake, kuazima pasi. Jirani huyu alikuwa muuguzi wa zahanati. Alimtazama mtoto. Kisha akamtazama dada mtu, amesimama kando na sweta lake.

"Hebu nione mikono yako, mwanangu."

"Sina kitu, shangazi."

"Sijauliza una nini. Nimeomba mikono."

Binti akakunja sweta. Mama yake akashika mdomo.

"Tangu lini?" muuguzi akauliza.

"Wiki mbili. Niliona aibu, shangazi. Naoga mara tatu kwa siku, lakini haviondoki."

Muuguzi akavuta kigoda, akaketi.

"Hata ukioga mara kumi. Upele unaletwa na kidudu kidogo mno, jicho halikioni vizuri. Kinachimba ngozi, kinataga mayai humo humo. Sabuni haikifikii. Kinahama watu wakishikana kwa muda, au wakilala pamoja. Hakiulizi nani kaoga na nani hajaoga. Mimi mwenyewe nilikipata wodini, na sare yangu nyeupe pee."

"Basi kautoa wapi?" mama akauliza. "Safari ile ni zaidi ya mwezi sasa."

"Mara ya kwanza ndivyo unavyokuwa. Mtu hukaa mwezi mzima hajawashwa, kumbe anaambukiza wenzake."

Hapo Dada Pambio akashindwa kujizuia. Akasimulia habari ya Kupe, neno kwa neno, macho yako sakafuni. Alipomaliza, mama yake hakumkemea. Alisema polepole tu, "Ulikwenda kuwahubiria habari za Yesu aliyemgusa mwenye ukoma."

Afadhali angepigwa kofi.

Siku hiyo hiyo familia nzima ilikwenda zahanati, hata baba ambaye hakuwashwa popote. "Ukimtibu mmoja ukawaacha wengine, upele unarudi," muuguzi akawaambia. Walipaka dawa jioni, kuanzia shingoni hadi nyayoni, katikati ya vidole na chini ya kucha. Mtoto alipewa dawa ya umri wake. Wakakaa nayo kwa saa walizoelekezwa. Nguo na mashuka vilifuliwa kwa maji ya moto. Visivyofulika vilifungwa kwenye mfuko wiki nzima. Baada ya wiki walipaka tena.

"Mwasho unaweza kuendelea wiki mbili tatu," muuguzi akawaonya. "Msiogope, na msipake dawa ovyo. Ukizidi hapo, rudini."

Dada Pambio akampigia simu mwalimu wa kituo, akauliza hali ya Kupe.

"Bado," mwalimu akasema. "Mama yake anampaka dawa yeye tu, wengine nyumbani hawapaki. Anapona, unarudi. Chumba kimoja, watu saba. Na sasa kila siku anataka asuguliwe kwa jiwe. Anamwambia mama yake, 'Nisugue sana, dada kasema nikaoge.'"

Simu ilibaki sikioni muda mrefu baada ya mwalimu kukata.

Jumamosi iliyofuata alirudi mjini na mama yake. Muuguzi alikuwa amekwisha kuzungumza na zahanati ya mtaa ule. Walimkuta mama yake Kupe anafua. Alikuwa dobi, nguo za watu zimemzunguka pande zote. Dada Pambio akapiga magoti kwenye povu.

"Nilimwaibisha mwanao mbele ya watu. Naomba unisamehe, mama."

Yule mama akakamua shati, akalitundika. "Mimi nawatakasia watu nguo zao," akasema. "Nikajiuliza, wangu ndiye mchafu?" Akachukua nguo nyingine. "Inuka, utalowa."

Kupe alikuwa amesimama mlangoni. Dada Pambio akamwonyesha makovu kwenye vidole vyake.

"Wewe si mchafu. Ule ni ugonjwa. Mimi pia niliupata."

Mtoto akayaangalia makovu. "Na wewe walikuambia ukaoge?"

"Hapana. Hakuna aliyeniambia hivyo."

"Ahaa," mtoto akasema, akaingia ndani.

Siku hiyo watu wote saba walipata dawa, na mashuka yakachemshwa kwenye pipa la dobi. Dada Pambio aliyakamua mpaka mikono ikamuuma. Baada ya wiki walipaka tena. Mwezi uliofuata mwalimu alileta habari njema: ngozi ya mtoto ni safi, amerudi kituoni, na hakuna mwingine chumbani anayejikuna.

Mchungaji alipomwomba Dada Pambio atoe ushuhuda wa safari, aliitoa na ile habari aliyokuwa ameimeza. Alieleza alivyomfukuza mtoto, alivyouficha upele wake, na jinsi unavyotibiwa. Aliketi akidhani hakuna atakayempa mkono tena.

Ibada ilipokwisha, mama mmoja wa kwaya, mwenye kitambaa cha kichwani kilichopigwa pasi vizuri na gauni la mikono mirefu iliyofunika hadi vidole, alimvuta kando.

"Mwanangu," akanong'ona, "hiyo zahanati inafunguliwa saa ngapi?"

Nyuma yake walikuwa wamesimama wengine wawili, wanasubiri zamu zao.