Karini wa Nedžad

Asubuhi hiyo jina la marehemu lilisomeka sawasawa kwenye kioo cha kompyuta, na hilo ndilo lililomtisha Mubera.

Alikuwa fundi katika kituo kinachosukuma maji ya moto kwenye mabomba ya kupashia joto nyumba za mji wao, chini ya mlima Vlašić. Programu ya kuongoza vali, zile koki za mabomba, aliiandika mumewe, Nedžad, tangu enzi za Yugoslavia, ikaishi miaka yote ndani ya kompyuta moja kuukuu. Kompyuta hiyo ilipokufa, Nedžad mwenyewe akiwa keshazikwa, Mubera aliweka mpya na kuitilia emuleta, yaani programu inayoifanya kompyuta ya leo ijifanye ya zamani. Lakini kujifanya si kuwa. Kazi ya Nedžad ilikimbia mno, ikakwama, ikadai kadi ya kompyuta isiyotengenezwa tena. Na kwa kuwa herufi Ž haikupatana na mashine mpya, kila ilipofunguka iliandika NED@AD.

Sasa imeandika NEDŽAD, na vali zinafunguka taratibu kama zamani. Mubera alimwuliza mwenzake, Zijad, kama ndiye aliyeitengeneza. Zijad akajibu kwamba yeye hata kuifuta vumbi anaogopa.

Kisha ikaja harufu ya tumbaku na sweta la sufi lililolowa, harufu ya Nedžad. Zijad alisikia mtu akikohoa nyuma ya tanuri, na tangu hapo akawa anakunywa kahawa yake nje, kwenye theluji. Mubera hakukimbia. Alikaa akisikiliza vibonye vya kompyuta ya zamani vikigonga mahali ambapo havikuwepo, vikigonga kwa mwendo anaoujua, vidole viwili tu, pumziko, vidole viwili, mpaka nywele zikamsimama na machozi yakamtoka kwa pamoja, na maneno yakajitokeza kwenye kioo: BERO, UMEKULA?

Hakuna mwingine aliyewahi kumwita Bero.

Akaandika kwamba amekula. Kesho yake akaweka vikombe viwili vya kahawa.

Zijad ndiye aliyemzindua. Alimvuta pembeni, sauti chini.

"Dada Mubera, kuna vali nimeifungua kwa mikono yangu hii. Nikigeuka tu, inajifunga."

"Ya jengo lipi?"

"La shemeji yako. Mzee Šefket yuko kitandani, kifua kimembana. Mle ndani ni baridi ya kaburi."

Nedžad na kaka yake Šefket walinuniana miaka mingi kwa sababu ya shamba la matunda ya plamu la baba yao. Lakini hospitalini, siku za mwisho, Nedžad alimshika kaka yake mkono, wakaombana radhi wakilia, na Mubera alikuwepo. Basi anayeifunga vali hii hawezi kuwa yeye. Akaenda kwa imamu.

Imamu Ferhat alimsikiliza bila kumkatiza. Akamweleza kwamba maiti harudi, ila kila mtu huzaliwa na karini, jini wa kuandamana naye, na mtu akifa karini hubaki.

"Umemjengea nyumba inayofanana na ya zamani, binti yangu, naye ameingia. Anajua yote aliyoyajua mumeo. Kusamehe ndiko asikoweza."

Baada ya sala ya alasiri imamu alisimama mlangoni pa kituo akasoma Ayatul Kursi. Mabomba yakaanza kugonga, kwanza mbali, kisha karibu, kisha ukutani kabisa, harufu ya sufi ikawa nzito kama mtu aliyelowa anayekusogelea ukiwa umeketi, taa zikafifia, na Zijad akajifunika uso kwa kofia, huku kioo kikiandika pole pole: BERO, USINIZIME. NJE KUNA BARIDI.

Imamu alimwambia Mubera kwamba mkono wa kuizima ni lazima uwe wake. Mubera akaomba kwanza aseme neno.

"Nedžad alimsamehe kaka yake," alinong'ona. "Mfungulie vali Šefket, ukae. Sitamwambia mtu akutoe."

Imamu akageuka kumtazama. Vibonye visivyokuwepo vikagonga, vikanyamaza, vikagonga.

SIWEZI.

Mubera akaifuta emuleta yote, akazima.

Majira yote ya baridi yaliyobaki walizungusha vali kwa mikono. Šefket alipona, na theluji ilipoyeyuka alikuja kwa mkongojo, akauliza kwa aibu kama kile kitu kilimtaja. Mubera akamwambia kwamba Nedžad alishamaliza ugomvi naye hospitalini, na kile hakikuwa Nedžad. Mzee akalia, akashukuru, akaenda zake.

Mubera alibaki ameketi. Hakumwambia kwamba duniani kote walikuwa wawili tu waliomjua Nedžad tangu ndani hadi nje, yeye na yule karini aliyeachwa mjane kama yeye. Na kwamba alipomzima, mkono wake ulihisi, kwa muda mfupi, kitu kikitetemeka kwa baridi.